Turubai la boti ya faiba futi 23: niandike nini kwenye oda ili lidumu zaidi ya misimu miwili?

omo_na_tezi (Shimoni)

Wadau, salamu aleikum. Naomba msaada wa wanaojua kushona au kuagiza turubai la boti.

Boti ni ya faiba, futi 23, usukani kulia, kioo cha mbele kinatoka ubavu hadi ubavu. Injini mbili za nje. Kazi yake ni kupeleka wageni Kisite, kwenye hifadhi ya bahari, na kuwarudisha, karibu kila siku. Paa lina urefu wa mita 2.4 kutoka omo (mbele) kuelekea tezi (nyuma), upana mita 2. Kutoka ukingo wa paa hadi ukingo wa boti ni mita 1.6, na mbele, juu ya kioo, pamebaki wazi sm 90.

Turubai lililopo limemaliza misimu miwili. Kitambaa chenyewe bado kina nguvu, ukikivuta hakichaniki. Ila mishono imefumuka, plastiki ya madirisha imekuwa ya njano na kando ya mabomba imeungua mistari, zipu tatu hazifunguki kabisa. Sasa nataka kuagiza jipya: paa, na mapazia ya pembeni na mbele yenye madirisha, yanayotolewa Kaskazi ikiwa shwari na kurudishwa Kusi ikianza.

Nimwandikie fundi nini? Kitambaa gani, uzi gani, mita ngapi, na wapi watu huibiwa?

---

MshonoMnene (Mombasa)

Kaka, umeshajijibu nusu. Kitambaa kizima, mishono imekufa. Ndivyo ilivyo karibu kwa kila turubai la boti pwani hii, na bado kila mteja akija anauliza kitambaa tu. Kitambaa ndicho cha mwisho kufa. Kinachotangulia ni uzi, halafu plastiki, halafu zipu. Basi oda yako ianzie huko.

Uzi. Ukiandika "uzi imara", fundi atatumia ulio kwenye mashine. Uzi wa pamba unaoza, na naironi inavuta vizuri lakini jua linaimaliza haraka, hiyo waachie washona viatu. Cha chini kabisa ni poliesta ya nje iliyofungwa kwa gundi, unene namba 92, kwa sindano ya 110. Kwa jua letu poliesta ya namba hiyo hushika miaka mitatu, minne, mitano ikibahatika. Juu yake kuna uzi wa PTFE, jamii moja na ile teflon ya sufuria. Tenara ni mmoja wapo. Huo jua haliuli wala chumvi haiugusi, na hudumu kuliko kitambaa chenyewe. Bei yake ni mara kadhaa ya poliesta, lakini katika gharama nzima uzi ni sehemu ndogo, na kurudia mishono ya mapazia yote ni kama kulipa ufundi upya. Andika: "PTFE juu na chini kwenye bobini". Yapo mafundi wanaoweka PTFE juu na poliesta chini ili kupunguza gharama. Poliesta ya chini ikikatika, wa juu unabaki unaning'inia bila kushika kitu.

Muulize pia kama ameshawahi kuushona. Unateleza sana na hauvutiki, kwa hiyo mkazo wa mashine ni lazima urekebishwe, na mwanzo na mwisho wa kila mshono urudiwe mishono mitano sita, la sivyo unajifungua wenyewe. Urefu wa mshono mmoja uwe mm 4 hadi 5. Mishono midogo midogo inapendeza kwenye shati. Kwenye turubai inatoboa kitambaa kama stempu.

Kitambaa. Taka akriliki iliyotiwa rangi kabla haijawa uzi, gramu 300 hivi kwa mita ya mraba. Tofauti yake na kitambaa kilichochovywa rangi utaiona ukikata ncha: kilichochovywa ni kama muhogo, ganda rangi moja na ndani nyeupe, na jua likishakula ganda kinapauka. Akriliki ya aina hii rangi ni moja hadi kwenye kiini cha uzi. Sunbrella ya boti hutoka na dhamana ya miaka 10, lakini soma vizuri: dhamana ni ya kitambaa, si ya uzi wala ya kazi ya fundi.

Udhaifu wake ni msuguano. Popote kinapogusa bomba, kona ya kioo au mshiko wa mlango, agiza kiraka cha vinili nene kwa ndani. Vilevile akriliki hupumua, haizuii maji kama ndoo. Maji yakituama juu ya paa yatapenya tu. Dawa ya hilo ni mteremko wa paa, na huo ni wa fremu, namwachia anayejua mabomba.

Zipu. Namba 10, meno makubwa ya plastiki yaliyomiminwa, kichwa cha plastiki. Namba 5 ni ya mabegi. Za kwako ziligoma kwa sababu kichwa kilikuwa cha chuma kilichopakwa rangi: rangi ilichubuka, chumvi ikaingia, ukaja ule unga mweupe. Juu ya kila zipu pawe na kifuniko cha kitambaa cha sm 4 au 5, kiangalie chini au nyuma ili maji yapite juu yake. Kifuniko kinakinga zipu na jua, na jua ndilo linaloua utepe wa zipu kabla meno hayajachakaa.

---

bomba25 (Mtwapa)

Kabla ya fundi cherehani kugusa kitambaa, fremu iwe imekwisha na imekazwa. Nasisitiza imekazwa. Turubai likipimwa kwenye fremu inayocheza, siku ikikazwa paa lote linapinda na zipu hazifiki.

Kwa mita 2.4 taka matao manne, nafasi ya sm 80 kati yake. Matao matatu yanaokoa bomba moja na kukupa mabwawa mawili ya maji. Katikati ya tao pawe juu kuliko pembeni kwa sm 6 hadi 8 kwa upana wako wa mita 2. Bomba la stenlesi mm 25, unene wa ukuta mm 1.5. Ya mm 22 inatosha paa tupu, lakini wewe unataka kuning'iniza mapazia, na mapazia ni tanga. Upepo wa noti 30 (maili 30 za baharini kwa saa) ukikupiga ubavuni, mapazia ya upande mmoja yenye mita za mraba 3.8 yanasukumwa na uzito kama wa kilo 55. Nguvu ya upepo haiendi sawasawa na mwendo: noti zikiongezeka mara mbili, nguvu inaongezeka mara nne.

Stenlesi iwe ya daraja la 316. Muuzaji akikuonyesha kwa sumaku kwamba "ni 316 kwa sababu haishiki", mwambie 304 nayo haishiki. Sumaku haitenganishi hizo mbili. Dai karatasi ya kiwandani au nunua kwa anayeuzia watengeneza boti. Na hata 316 ikichomelewa bila kusafishwa kwa asidi na kung'arishwa, maungo yatapata kutu ya rangi ya chai ndani ya wiki chache.

Miguu ya fremu isishikwe kwa skrubu peke yake kwenye faiba. Bolti zipite hadi chini na ziwekewe bamba au washa pana. Skrubu hung'oka na kutoka na kipande cha faiba, na hapo unatengeneza boti, si turubai tena.

Vifungo vya kubonyeza vinavyoshika chini ya pazia ndivyo vinavyoharibu faiba kuliko kitu chochote. Usikubali fundi atoboe moja kwa moja. Aanze na biti ya kupanua mdomo, aizungushe hadi jelikoti, lile tabaka la juu la faiba linalong'aa, itoke kishimo kidogo kipana kuliko skrubu, ndipo atoboe kwa biti ya mm 3.5 kwa skrubu namba 8. Bila kile kishimo, skrubu inapoingia huinua jelikoti na kuacha ufa wenye umbo la nyota. Ufa hauonekani siku hiyo, unaonekana baada ya mwezi ukiwa mweusi kwa uchafu. Kila tundu liwekwe gundi ya poliuretheni kabla ya skrubu. Silikoni epuka: ikishapaka faiba, hakuna kitakachoshika hapo tena.

---

omo_na_tezi

Shukran sana wakubwa. Fremu iliyopo ni ya matao matatu, sasa naelewa kwa nini ilikuwa inakusanya maji.

Nimepata bei mbili. Fundi wa kwanza anashona maturubai ya malori na paa za bajaji, anataka kutumia PVC nzito ya lori, anasema haipitishi tone. Wa pili anasema akriliki, lakini nimpelekee vipimo kwenye karatasi na picha, atashona kisha atatuma. Mnasemaje? Na niliuliza mita ngapi, kila mmoja kasema lake: mmoja 12, mwingine 25.

---

Mama_Cherehani (Dar es Salaam)

Mwanangu, huyo wa pili mshukuru uachane naye kwa mapazia. Paa tupu la kukunja unaweza kuagiza kwa vipimo, kwa sababu linajivuta lenyewe kwenye matao. Pazia lenye dirisha halisamehe hata sm 1. Ubavu wa boti umepinda, kioo kimelala, na hakuna kona hata moja iliyo mraba. Vipimo vya karatasi vinadhani dunia ni mraba.

Kazi inakwenda hivi. Kwanza paa lishonwe na livalishwe, likae siku kadhaa chini ya jua na umande lijiweke sawa. Hapo ndipo kiolezo cha mapazia kinachukuliwa, kikianzia kwenye zipu ya paa lililokwisha. Anayekata paa na mapazia siku moja anajitafutia lawama.

Kiolezo kikatwe kwa plastiki nene isiyovutika. Ile naironi ya vitalu ya maikroni 200 inafaa ukiipata, na ifanyike asubuhi kabla jua halijaipasha, kwa kuwa ikipata joto inalegea, na pazia litatoka kubwa. Boti ielee majini, au ikiwa nchi kavu iegemezwe sawasawa, maana boti ikilalia upande faiba hujipinda kidogo. Plastiki inabandikwa kwa utepe kutoka zipu ya paa hadi ukingo, inavutwa bila makunyanzi, kisha kalamu ya wino usiofutika inachora: ukingo wa boti, mahali pa kila kifungo, mstari wa katikati wa kila zipu, kona za dirisha, na alama za kulinganisha kila sm 30 kati ya kipande na jirani yake. Kila kipande kiandikwe "nje", "juu", "kushoto mbele" na kadhalika. Usicheke. Vipande viwili vya pembeni vinafanana kama mapacha, na pazia lililoshonwa nje-ndani halirekebishiki.

Vifungo vya chini visipigwe kiwandani. Vipigwe mwisho kabisa, pazia likiwa limening'inia kwenye boti. Tena wakati wa joto la wastani, si saa nane mchana, kwa sababu plastiki hutanuka ikipata moto na kujikunja ikipoa. Likipigwa vifungo mchana, asubuhi ya mvua za Kusi utavuta hadi kidole kikuume na kifungo hakifiki.

Sasa mita. Nimekupigia hesabu kwa vipimo vyako, kitambaa kikiwa na upana wa sm 152.

Paa: vipande viwili vilivyolala ubavu hadi ubavu, kila kimoja mita 2.4 ukihesabu pindo na zile sm 15 zinazoshuka pembeni kubeba zipu. Jumla 4.8.

Mapazia: kila ubavu vipande viwili vya mita 1.2, mbele vipande vitatu. Kwa mapazia ya ubavuni kitambaa kinazunguka dirisha pande zote, chini sm 35 kwa sababu hapo ndipo watu wanapokanyaga na kuegemea, juu sm 15, kando sm 12 na nusu. Kiwe tabaka mbili, plastiki katikati yake kama mkate na siagi. Hapo inakwenda kama mita 8 na nusu, na vifuniko vya zipu mita 1. Jumla yote 14 na kitu. Agiza 16. Huyo wa 25 anashona na koti lake.

Zipu: juu ya mapazia mita 6.8, za kusimama (katikati ya kila ubavu 1.6, kona mbili na viungo viwili vya mbele 0.9 kila kimoja) nazo mita 6.8. Jumla 13.6, chukua 15 na vichwa 20. Vifungo vya kubonyeza kila sm 18: seti 40 zinatosha, nunua 60.

Plastiki ya madirisha ndiyo watu hudanganywa. Ile ya rola inayofunika meza haifai, ina mawimbi, na nahodha akiangalia mbele anaona mawe yanacheza. Inayotakiwa inauzwa shiti kwa shiti, imeshindiliwa kati ya sahani hadi ikawa laini, nyingi ni sm 137 kwa 280. Unene mm 0.75 kwa pembeni zinazokunjwa, mm 1 mbele kwa nahodha. Ukitaka kuokoa, zote 0.75. Madirisha ya pembeni yakatwe sm 100 kwa 115, pamoja na sm 2.5 za mshono kila upande. Shiti moja inatoa mawili, na kinachobaki, sm 80 kwa 137, kinatoa madirisha mawili ya mbele ya 55 kwa 70. Kwa hiyo, zote zikiwa 0.75, shiti mbili zinamaliza boti nzima na kubaki kipande. Nunua ya tatu uiweke, kwa sababu mkwaruzo mmoja wa mkasi ukiingia katikati ya dirisha hauna dawa.

---

MshonoMnene

Hesabu ya Bi Cherehani isomwe na kila fundi. Niongeze juu ya PVC ya lori, maana ndugu yetu hakujibiwa.

PVC haipitishi maji, kweli. Haipitishi pia hewa. Asubuhi utaikuta imetoa jasho kwa ndani, matone yanawadondokea wageni, na ukungu mweusi unaota kwenye mishono. Ina uzito mara mbili au zaidi ya akriliki, na ile ya bei rahisi ikikaa juani inapoteza mafuta yake, inakakamaa na kupasuka kwenye mikunjo. Zipo PVC nyembamba za boti, poliesta iliyopakwa pande zote, nzuri tu, lakini si hiyo ya lori. Ukilazimika kuitumia, iwe ukanda wa chini wa mapazia peke yake, pale penye miguu na maji ya chumvi.

Swali la mistari iliyoungua kwenye plastiki: ni bomba. Stenlesi ikipigwa na jua la mchana inachemka, plastiki inayoigusa inaiva na kubadilika rangi hapo hapo. Agiza ukanda wa kitambaa ushonwe kwenye dirisha kila linapopita bomba, au dirisha lenyewe ligawanywe hapo. Ukanda wa sm 6 unatosha. Kukata kitambaa kuwe kwa kisu cha moto, ncha ziyeyuke na kufungana. Mkasi unaacha nyuzi ambazo baadaye zinaingia kwenye meno ya zipu.

---

kusi_matlai (Nungwi)

Mmesema vizuri, lakini hakuna aliyegusa jambo la kwanza kwa boti ya abiria. Mkuu, usifunge nyuma. Na hata pembeni usifunge ovyo.

Angalia safari yako. Kisite iko kusini, unakwenda ukiikabili Kusi, moshi unabaki nyuma. Kurudi, Kusi inakuwa mgongoni. Upepo ukiwa noti 15 na wewe unakwenda 12 ukiwa na mzigo, upepo unaousikia ndani ya boti ni noti 3 tu, unatoka tezi, na unaleta moshi wa injini mbili moja kwa moja chini ya paa. Ukiwa umefunga mbele na pembeni, umetengeneza gunia lenye mdomo unaoangalia ekzosi. Hata upepo ukiwa wa mbele, boti iliyofungwa mbele na wazi nyuma huvuta hewa ya nyuma kuingia ndani, kama vumbi linavyoingia nyuma ya daladala. Hewa ya monoksidi ya kaboni haina harufu wala rangi. Dalili yake ni kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, na kwenye boti kila mtu atasema ni mawimbi.

Kwa hiyo kwenye oda: kipande cha kati cha mbele kiwe na zipu inayofunguka kutoka juu na kukunjwa, kwa mikanda miwili ya kukishikilia. Ukirudi na Kusi mgongoni, kile kiwe wazi daima hata wageni wakilowa kidogo, na pazia moja la nyuma kila ubavu nalo likunjwe, ili hewa ipite kati. Injini ikiwa inanguruma umesimama, funua yote. Kifaa cha kupima hewa hiyo, kilichotengenezwa kwa boti, kifungwe karibu na wageni, usawa wa vichwa vyao wakiwa wameketi.

La pili ni kutoka. Boti ikizama, abiria mwenye jaketi la kuokolea atasukumwa juu kwenye paa na mapazia yatamzuia. Kila zipu ya kusimama iwe na kichwa kinachovutika ndani na nje, na kamba nyekundu ya sm 10 kwenye kila kichwa, ndani. Pazia la ubavu liwe linafunguka lote kwa mvuto mmoja, yaani vifungo vya chini viwe vya kubonyeza, si vya kuzungusha. Vya kuzungusha vinashika vizuri zaidi, lakini mtu mwenye hofu haviwezi. Hapa natofautiana na mafundi wengi.

---

bomba25

Nakubali kwa boti ya abiria. Kwa boti ya kuvulia bado ningeweka vya kuzungusha pembe za mbele, kwa sababu hapo ndipo upepo unapoanza kubandua.

---

omo_na_tezi

La moshi sikulifikiria kabisa, ahsante sana nahodha. Hivyo nyuma inabaki wazi.

Mawili ya mwisho. Utunzaji ukoje? Na malipo niyagawe vipi nisije kupewa uzi mwingine?

---

Mama_Cherehani

Utunzaji ni maji matamu, kila jioni, mengi. Kisha futa kwa kitambaa laini kilicholowa. Plastiki kavu usiifute hata kwa hariri, chumvi iliyoganda ni msasa. Dawa za kusafishia vioo vya nyumbani zenye amonia zinaitia ukungu. Mafuta ya jua ya wageni na dawa za mbu nayo yanaila, hasa dawa zenye DEET, na alama ya kiganja haitoki tena. Bandika kijikaratasi: "Usishike dirisha". Msimu wa kutoa mapazia ukifika, yaviringishe na shuka la pamba kati ya plastiki na plastiki. Usiyakunje, na usiyaweke yakiwa na unyevu.

Ukungu ukiota kwenye akriliki: maji lita 4, jiki kikombe kimoja cha mililita 240, sabuni laini mililita 60. Paka, acha dakika 15, sugua kwa brashi laini, suuza hadi harufu iishe. Hiyo ni ya kitambaa, dirisha lifunike lisiguswe. Jiki inaondoa pia ile dawa ya kufanya maji yateleze, kwa hiyo kitambaa kikikauka kipulizie dawa mpya ya kuzuia maji.

Zipu zipake nta ya mshumaa mara moja kwa mwezi. Vaselini inakamata mchanga. Na kifungo kivuliwe kwa kuingiza kidole chini yake, si kwa kuvuta pindo.

---

MshonoMnene

Malipo: nunua vifaa mwenyewe, ufundi ulipe kwa hatua. Theluthi kiolezo kikichukuliwa, theluthi paa likivaa, theluthi mapazia yakifungwa na kufunguliwa yote mbele yako, mara mbili, asubuhi. Uzi utaujua kwa moto: kata kipande, kisogeze kwenye kiberiti. Poliesta inayeyuka na kutoa kidonge cheusi. PTFE haishiki moto, inajikunja tu. Fanya kwa uzi wa juu na wa bobini, tena ufanyie nje upepo ukivuma, moshi wake si wa kunusa.

Na chukua violezo vyote kazi ikiisha. Vikunje, viandike tarehe, viweke pakavu. Pazia moja likichanika mwaka wa nne, fundi yeyote atalitoa upya bila boti kwenda kwake.

---

omo_na_tezi

Nimeelewa. Nabadilisha fremu kwanza iwe matao manne, paa lishonwe baada ya hapo. Bi Cherehani, zile sm 15 zinazoshuka pembeni ya paa, zinatosha kama tao la nne litasogeza ukingo wa nyuma kwa sm 10?

---

Mama_Cherehani

Zinatosha, zenyewe haziguswi, ila kila ubavu unakuwa mita 2.5. Kipande cha nyuma kiwe 1.3 badala ya 1.2, na dirisha lake libaki vilevile, sm 10 ziongezwe kwenye kitambaa cha upande wa tezi. Zipu ya juu iongezeke sm 20, bado uko ndani ya zile mita 15. Mita 16 za kitambaa usizipunguze.